RANDA NI MAKALI
Mazungumzo juu ya kuchagua na kutumia randa ya mkono

Mazungumzo haya yalitolewa na fundi seremala mmoja wa Mufindi, mbele ya kikundi cha wahitimu wa kisomo ambao wameanza kazi ya useremala. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya randa. Nimeambiwa kikundi chenu kina fedha kidogo, na mnataka kununua randa mbili. Nimeambiwa pia kwamba mmoja wenu anayo randa tayari, na anataka kuiuza kwa sababu inararua mbao. Yeye sitamtaja. Ila namwomba asiiuze leo. Asubiri nimalize kusema.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nililipa gharama kubwa kwa kosa hilo.

MADAWATI KUMI NA MAWILI

Mwaka 1980 nilikuwa kijana wa miaka 22. Nilikuwa nimejifunza useremala kidogo kwa kutazama. Baba yangu aliuza ndama dume, akaninunulia randa mpya ya chuma. Ilikuwa ndani ya sanduku la karatasi, imepakwa mafuta, inang'aa. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi yenye picha na maandishi. Mimi sikujua kusoma. Karatasi ile niliwashia moto.

Basi nikapata kazi ya kutengeneza madawati 12. Mbao za msonobari nilizikopa. Nikapiga randa usiku na mchana. Lakini randa ile haikukata vizuri. Mara iliteleza juu ya ubao bila kutoa kitu. Mara ilikwama, kisha ikang'oa kipande. Nilisukuma kwa nguvu zote mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Nilipopeleka madawati, wakaguzi walipitisha mkono juu yake. Vibanzi vikawachoma. Mmoja akaniuliza, "Kijana, watoto wetu wakae juu ya miiba?" Madawati yakakataliwa. Deni la mbao lilinichukua misimu miwili ya mahindi kulilipa.

Nilisema, "Randa hii ni mbovu." Nikaiuza kwa mzee mmoja fundi wa kijiji cha jirani, kwa bei ya kutupa. Ndama wa baba akawa amekwenda hivyo.

Baada ya wiki moja nilipita nyumbani kwa mzee yule. Nikamkuta anapiga randa. Maranda yalikuwa yanatoka marefu, membamba, yanajikunja kama utepe. Ubao ulikuwa laini kama umepakwa mafuta. Nikaitazama randa. Ilikuwa ile ile yangu!

Nikamwuliza, "Mzee, umeifanya nini?"

Akanijibu, "Sijaifanya kitu, mwanangu. Nimeinoa tu."

Ndugu zangu, siku ile ndipo nilipojua kwamba randa mpya haiji na makali ya kufanyia kazi. Kiwandani husaga kisu tu. Kunoa ni kazi ya mwenye randa. Jambo hilo lilikuwa katika ile karatasi niliyoichoma. Ni kweli ilikuwa ya Kiingereza. Lakini picha zilikuwamo, na tarakimu zilikuwamo. Mtu anayejua kusoma angalau angemwuliza mwenziwe, "Hii 25 na hii 30 maana yake nini?" Mimi sikujua hata kwamba kuna kitu cha kuuliza.

RANDA NI NINI?

Randa ni kisu kilichofungwa ndani ya kipande kizito kilichonyooka. Hicho kipande kinakizuia kisu kisizame. Kwa hiyo kisu kinakata kidogo kidogo, na kinakata mahali palipoinuka tu. Ukiendelea, ubao wote unanyooka.

Chombo hiki ni cha zamani sana. Randa za Warumi zilifukuliwa katika mji wa Pompeii, huko Italia. Mji huo ulifunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Randa hizo na hizi zetu ni ndugu: mwili, kisu na mdomo wa kutolea maranda.

Randa ya chuma tunayoiona madukani ilitokana na kazi ya fundi mmoja wa Marekani, Leonard Bailey. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya huko huko Marekani ilinunua kazi yake. Kampuni hiyo ikazipa randa namba. Watengenezaji wengine wengi wakafuata namba hizo. Ndiyo maana mpaka leo unasikia mafundi wakisema "namba nne" na "namba tano".

Hebu tutazame sehemu za randa. Hii hapa mezani.

1. Mwili. Ni chuma cha kumiminwa katika kalibu. Ni kigumu lakini kinavunjika kama chungu. Usikiangushe juu ya saruji.
2. Mpini wa nyuma na kirungu cha mbele. Hapa ndipo mikono inaposhika.
3. Kisu. Wengine hukiita ulimi wa randa.
4. Bamba la mgongoni. Linafungwa juu ya kisu kwa skrubu. Kazi yake ni kukunja na kuvunja maranda yasije yakapasua ubao mbele ya kisu.
5. Kibanio. Kinakaza kisu na bamba visicheze.
6. Gurudumu dogo la nyuma, mara nyingi la shaba. Linateremsha na kupandisha kisu.
7. Wenzo mdogo wa juu. Unakisogeza kisu kulia au kushoto ili kikae sawa.
8. Mdomo. Ni ule mwanya wa chini ambapo kisu kinatokeza.

KUCHAGUA UKUBWA

Sasa, tununue randa ipi? Namba 4 ina urefu wa sentimita 25 hivi. Hii ni ya kulainisha mwishoni. Namba 5 ina urefu wa sentimita 35 hivi. Hii ni ya kazi nyingi: kuparua, kunyoosha, hata kulainisha. Namba 7 ina urefu wa sentimita 56 hivi. Hii ni ya kunyoosha mbao ndefu, kama mbao za mlango au za meza, ili ziungane bila mwanya.

Kwa nini urefu una maana? Fikiri shamba la matuta. Ukiweka ubao mrefu juu ya matuta, unakaa juu ya vichwa vya matuta. Ukiweka kijiti kifupi, kinatumbukia kati ya tuta na tuta. Randa ni hivyo hivyo. Randa ndefu inapita juu ya vilima na kuvikata. Randa fupi inapanda kilima na kushuka bondeni. Ubao unakuwa laini, lakini haunyooki.

Kwa hiyo ukiwa na fedha za randa moja tu, chukua namba 5. Ukiwa na fedha za mbili, chukua namba 5 na namba 4. Kikundi chenu kina fedha za mbili. Ushauri wangu ndio huo.

Randa ya mti nayo isidharauliwe. Mafundi wengi wa zamani walijitengenezea mwili kwa mti mgumu uliokauka vizuri, wakakaza kisu kwa kabari. Inafanya kazi nzuri. Ila kurekebisha kisu chake ni kwa kugonga gonga na nyundo, na hilo linataka mazoea.

MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Ni kweli, mvivu hujificha nyuma ya jembe. Lakini mnunuzi wa randa lazima achague, maana fedha ikishatoka mfukoni hairudi. Randa kuukuu iliyo nzima inaweza kuwa bora kuliko randa mpya ya ovyo. Mimi naitumia hii hapa, niliinunua ikiwa imevunjika mpini. Mpini niliuchonga mwenyewe kwa siku moja.

Ukienda kununua, nenda na rula ya chuma. Kisha fanya hivi:

Kwanza, tafuta ufa. Ondoa kisu chote, utazame hasa karibu na mdomo. Ninginiza mwili kwa vidole viwili, ugonge kidogo kwa ukucha wa chuma au msumari. Mwili mzima unalia kama kengele. Uliopasuka unalia kama chungu chenye ufa. Wenye ufa uache.

Pili, pima unyofu. Weka ukingo wa rula juu ya uso wa chini wa randa. Iweke kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kutoka pembe hadi pembe. Inua kuelekea kwenye mwanga. Mwanga mwembamba kama uzi si neno. Lakini sehemu tatu lazima ziguse rula pamoja: ncha ya mbele, mdomoni, na ncha ya nyuma. Kama mdomoni pamebonyea, randa hiyo itakutesa.

Tatu, tazama kisu. Je, kimebaki kirefu? Kisu kilichonolewa miaka mingi huisha. Geuza upande wa nyuma. Kutu nyepesi inaondoka. Kutu iliyochimba mashimo karibu na makali haiondoki, na kila shimo litakuwa pengo katika makali.

Nne, funga bamba juu ya kisu, ulitazame kwenye mwanga. Mwanga usipite kati yake. Ukipita, maranda yataingia humo na randa itaziba. Kasoro hii inatengenezeka kwa tupa na jiwe, lakini bei ishuke.

Tano, zungusha gurudumu na sogeza wenzo. Vyote vifanye kazi. Skrubu zilizopotea ni taabu kuzipata.

Mpini uliovunjika, rangi iliyobambuka, na kutu ya juu juu si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kuomba punguzo.

KUNOA

Ndugu zangu, hapa ndipo penye roho ya kazi. Sikilizeni vizuri, na anayeweza aandike.

Kisu cha randa kina mteremko upande mmoja. Mteremko huo husagwa kwa nyuzi 25. Makali yenyewe, pale kwenye ncha, hunolewa kwa nyuzi 30. Hamna kipimo cha nyuzi? Tumieni rula. Kisu chenye unene wa milimita 2, mteremko wake wa nyuzi 25 una urefu unaokaribia milimita 5. Ukiwa wa nyuzi 30, una urefu wa milimita 4, yaani mara mbili ya unene. Mteremko ukiwa mfupi kuliko hapo, kisu ni butu kwa umbo lake. Ukiwa mrefu mno, makali ni membamba na yanakatika upesi.

Jiwe la kunolea liwe na pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Tumia maji au mafuta mepesi ya mashine, lakini usichanganye. Jiwe la mafuta libaki la mafuta. Na jiwe liwe tambarare. Likichimbika katikati kama kinu, litapindisha kisu. Lisawazishe kwa kulisugua juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo kinene. Asiye na jiwe anaweza kunolea juu ya msasa huo huo wa maji.

Hatua ni hizi:

1. Laza upande wa nyuma wa kisu juu ya jiwe, ukiwa umelala kabisa. Sugua mpaka sentimita moja ya karibu na makali ing'ae sawasawa. Kazi hii kwa kisu kipya ni ndefu, lakini hufanywa mara moja tu.
2. Geuza kisu. Weka mteremko juu ya upande wa kukwaruza wa jiwe. Tikisa kidogo mpaka uhisi umekaa. Kisha inua nyuma kidogo sana. Hapo ndipo kwenye nyuzi 30.
3. Sukuma na kuvuta bila kuyumbisha mkono. Tumia jiwe lote, si katikati tu.
4. Papasa nyuma ya kisu kwa kidole gumba, ukivuta kidole kutoka kwenye makali kwenda nje. Usipitishe kidole kando ya makali, utakatika. Utahisi kijiukingo cha chuma kilichojikunja. Kikiwapo kutoka pembe hadi pembe, upande huo umetosha.
5. Hamia upande laini wa jiwe, rudia hatua ya pili na ya tatu.
6. Geuza kisu, laza nyuma yake bapa kabisa, sugua mara chache. Kile kijiukingo kinaondoka.
7. Malizia kwa kuvutia kisu juu ya ukanda wa ngozi, mara kumi kila upande.

Utajuaje kwamba kina makali? Elekeza makali kwenye mwanga. Ukiona mstari mweupe unang'aa, bado ni butu. Makali ya kweli hayaonekani. Kisha kata kichwa cha ubao mlaini wa msonobari. Kikiacha pamelainika na kung'aa, kiko tayari. Kikiponda nyuzi, rudi kwenye jiwe.

Na mkitumia jiwe la kuzungusha, chovyeni kisu katika maji kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya samawati, kimeungua. Hapo makali hayatadumu tena mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe.

KUFUNGA NA KUREKEBISHA

Funga bamba juu ya kisu. Kwa kazi ya kuparua, acha milimita 2 kati ya ncha ya bamba na makali. Kwa kulainisha, acha milimita 1 au chini yake. Kwa mbao zenye nyuzi zilizopindapinda, sogeza bamba mpaka makali yaonekane kwa chini ya nusu ya milimita. Hiyo ndiyo dawa ya kuraruka.

Rudisha kisu ndani ya randa, bana. Kisibanwe mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Geuza randa chini juu, itazame kwa mbele kama mtu anayelenga. Zungusha gurudumu mpaka kisu kionekane kama uzi mweusi. Sogeza wenzo mpaka uzi huo uwe sawa pande zote. Kisha rudisha kisu ndani mpaka kisionekane.

Sasa jaribu juu ya kipande cha ubao. Teremsha kisu kidogo kidogo mpaka kianze kutoa maranda. Kama ukikipandisha kisu, malizia kwa kukiteremsha mpaka gurudumu libane. La sivyo kitarudi nyuma ukiwa kazini.

Kosa la wageni wote wa randa ni kuteremsha kisu kingi ili kazi iishe upesi. Haraka haraka haina baraka. Maranda membamba kumi yanatoka upesi kuliko rundo moja lililokwama mdomoni.

KUPIGA RANDA

Kabla ya kuanza, tazama ubao. Je, umekauka? Mbao mbichi ni nzito, zinaziba mdomo wa randa. Tena ukizinyoosha leo, wiki ijayo zitapinda. Je, una msumari? Una mchanga? Msumari mmoja unaharibu kazi ya kunoa ya asubuhi nzima. Piga brashi kwanza.

Kisha soma nyuzi za ubao. Nimesema soma, maana ubao nao una maandishi yake. Tazama ubavuni. Utaona mistari ya nyuzi. Haiendi sawa na uso wa ubao, bali inapanda polepole kuelekea upande mmoja. Sukuma randa kuelekea kule nyuzi zinakopanda. Ni kama kumpapasa paka. Ukipapasa kuelekea mkiani, manyoya yanalala. Ukipapasa kuelekea kichwani, yanasimama. Randa ikianza kurarua, usiongeze nguvu. Geuza ubao.

Mbao za mninga na mkongo mara nyingine zina nyuzi zinazopishana, kwa hiyo hata ukigeuza, pengine zitararuka. Hapo noa upya, punguza kisu, sogeza bamba karibu na makali, na ishike randa kishazari kidogo unaposukuma. Msonobari wa mashamba yetu ya huku ni mlaini, lakini vifundo vyake ni vigumu. Penye kifundo pita taratibu.

Ubane ubao imara. Uso wa meza ya kazi uwe chini ya kiuno kidogo, ili mwili wako usukume, si mikono peke yake. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Mwanzo wa ubao, kandamiza kirungu cha mbele. Katikati, kandamiza sawa. Mwisho wa ubao, kandamiza mpini wa nyuma. Usipofanya hivyo, miisho ya ubao itaisha kuliko katikati, na ubao utakuwa kama mgongo wa kobe.

Fuata utaratibu huu. Kwanza nyoosha uso mmoja. Pima kwa rula kwa urefu, upana na pembe hadi pembe. Pili nyoosha ubavu mmoja, upime kwa mraba na ule uso. Tatu chora upana, uupige randa mpaka kwenye mstari. Nne chora unene, umalizie uso wa pili. Ukianza kiholela, hutapata ubao wa mraba kamwe.

Kichwa cha ubao usikipige randa moja kwa moja hadi mwisho, kitapasuka ukingoni. Piga kutoka upande huu hadi katikati, kisha kutoka upande ule hadi katikati.

Randa ikiwa nzito kusukuma, paka mshumaa kidogo chini yake. Utashangaa.

Mama mmoja hapa aliniuliza kabla hatujaanza, "Fundi, kazi hii si inataka nguvu za wanaume?" Mama, njoo hapa mbele. Shika randa hii, nimeinoa asubuhi. Sukuma. Haya, mmeona? Maranda yale yametoka urefu wa ubao mzima. Randa haitaki misuli. Randa inataka makali. Ukiona mtu anatoka jasho jingi juu ya randa, mwambie akanoe.

KUITUNZA

Ukipumzika, ilaze ubavu, au iweke juu ya ubao mkavu kisu kikiwa kimepandishwa. Usiiweke juu ya udongo. Jioni ifute, ipake mafuta ya mashine kwa kitambaa. Usitumie mafuta ya kupikia, hugeuka kuwa gundi. Iwe mbali na watoto.

Maranda yafagiwe kila siku, maana ni kuni za moto wa bahati mbaya. Maranda makavu ni matandiko mazuri ya banda la kuku, lakini yasiwe ya mbao zilizotiwa dawa.

Na usingoje kisu kife ndipo unoe. Ukiona unaanza kusukuma kwa nguvu, simama. Makali yakiguswa mapema kwenye upande laini wa jiwe, ni kazi ya dakika tano.

Siku hizi mjini kuna mashine za umeme za kupiga randa. Ni nzuri, na mbao nyingi zinaisha upesi. Lakini mashine huacha mawimbi madogo juu ya ubao. Ukipaka vanishi, mawimbi yanaonekana. Mlango ukikwama wakati wa mvua, hutaubeba kuupeleka kwenye mashine. Kazi hizo bado ni za randa ya mkono.

NENO LA MWISHO

Nimalizie habari ya mzee yule. Nilimwomba aniuzie tena randa yangu. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, chombo hiki sasa kinanilisha. Sikuuzii. Lakini njoo kesho asubuhi nikufundishe kunoa."

Nikaenda. Mwezi wa kwanza nilikuwa nanoa visu tu, sikushika ubao. Nilikaa kwake miezi saba. Mwaka 1983 nikaingia darasa la kisomo, maana nilichoka kuchoma karatasi nisizozijua. Mwaka uliofuata nilitengeneza madawati mengine. Yalipokelewa yote. Jioni ile nilimnunulia baba ndama. Hakusema kitu. Alimpapasa mgongoni, akamfunga zizini.

Basi ndugu yangu unayetaka kuuza randa yako, nimekwisha kusema. Ilete hapa mezani. Jiwe liko, maji yapo. Tuinoe pamoja kwanza. Ikirarua tena, utaiuza kesho.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini madawati ya fundi huyu yalikataliwa? Je, randa yake ilikuwa mbovu?
2. Kikundi chenye fedha za randa moja kinunue namba ngapi? Kwa nini?
3. Kisu kina unene wa milimita 3. Mteremko wa nyuzi 30 utakuwa na urefu wa milimita ngapi?
4. Randa inararua ubao. Tajeni mambo manne ya kufanya kabla ya kuilaumu.
5. Je, kijijini kwenu kuna chombo kilichotupwa au kuuzwa kwa sababu hakuna aliyejua kukitunza? Kinaweza kutengenezwa?